Hesabu ya tajiri haijui nguzo!

(Haya ni mazungumzo ambayo mwandishi wetu wa kujitegemea aliyatoa Jumapili mbele ya vijana wa daladala, bodaboda na gereji katika kijiwe kimoja jijini Dar es Salaam. Tumeyachapa kama alivyoyasema. Tumepunguza matusi tu. – Mhariri)

Ahsanteni kwa benchi hili na kwa kahawa. Aliyenialika aliniambia, "Njoo utuzungumzie umeme." Nikamjibu kwamba umeme siujui. Mimi niliishia kidato cha nne na fizikia ilinipiga chenga mchana kweupe. Ninachokijua ni barabara. Kwa hiyo leo nitazungumza juu ya umeme kabla haujawa umeme. Nazungumzia ile miezi ambayo nguzo zinaletwa, mashimo yanachimbwa, waya unavutwa juu ya barabara, na wewe umekaa kwenye foleni, injini inanguruma, mafuta yanaungua, na abiria anamtukana mama yako aliye nyumbani hana hili wala lile. (Kicheko)

Nianze na langu mwenyewe, maana asiyejua kwake hawezi kusimulia ya jirani.

Kabla sijashika kalamu nilikuwa deiwaka. Nilipiga debe, nikashika mlango siku mbili tatu kwa wiki, mwishowe nikapata gari la kudumu, nikawa konda kamili. Nilijiona nimefika! Basi asubuhi moja tunaingia kwenye mtaa tunaopita kila siku, tunakuta winchi imekaa katikati ya barabara, imepanua miguu kama mwenye nyumba. Mkandarasi mmoja, jina simtaji, alikuwa anasimika nguzo kubwa za zege za njia mpya ya umeme. Hapakuwa na kibao. Hapakuwa na mtu wa bendera. Kijana mmoja aliyevaa kizibao cha kung'aa anatupungia mkono tu: rudini. Turudi wapi? Nyuma yetu magari yameshonana mpaka kwenye lami kubwa. Tulikaa pale saa moja na nusu. Abiria wakashuka mmoja mmoja, wengine bila kulipa, wakakata kwa miguu.

Kesho yake vile vile, mita kama hamsini mbele. Keshokutwa tena. Suka wetu akasema sikubali, akaingiza gari vichochoroni, tukapasua sampo kwenye jiwe. Ikaendelea hivyo zaidi ya wiki.

Sasa jioni kuna hesabu. Mnaijua hesabu. Hesabu haina huruma. Ukimwambia tajiri, "Bosi, leo walikuwa wanasimika nguzo," anakuuliza, "Kwani ni nguzo iliyokukabidhi gari?" (Kicheko) Siku ya kwanza tulijazia kutoka mifukoni. Ya pili tukakopa. Ya tano gari likapewa wenzetu, nami nikarudi kuwa deiwaka, kusubiri mtu augue ndipo nile. Tajiri simlaumu sana, naye alikuwa na mkopo wa gari. Lakini siku ile niliingiwa na swali ambalo halijanitoka hadi leo. Hivi kabla nguzo ile haijasimama, kuna mtu aliyekaa mezani akaandika kwamba daladala za njia hii zitapoteza tripu ngapi? Na kama aliandika, nani alisoma?

NDOGO NA ZA MUDA

Nilipoanza kuandika magazetini nikaenda kutafuta. Nikakuta kumbe sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa, pamoja na njia kubwa za umeme, ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMC, ndilo linalosimamia. Na mwananchi ana nafasi ya kutoa maoni. Wewe hapo, mwenye spana mkononi, una nafasi. Nani aliwahi kukwambia?

Nimesoma taarifa kadhaa za namna hii. Ni madude manene ya kuwekea kichwa ukalala. Ndani yake utakuta nyumba zitakazovunjwa, makaburi yatakayohamishwa, minazi na mikorosho, ndege wanaoweza kugonga nyaya. Sina ugomvi na ndege. Lakini ukifika kwenye barabara na magari, mara nyingi unakuta aya chache, na mwisho wake umeandikwa ule ule: athari zitakuwa "ndogo na za muda".

Jamani! Ndogo kwa nani? Ya muda gani? Kwa mshauri mwelekezi anayeandika ndani ya kiyoyozi, wiki mbili katika mradi wa miaka mitatu ni kitu kidogo. Kwa konda, wiki mbili ni kazi imekwenda. Kwa mama wa genge aliyefungiwa barabara mbele ya meza yake, nyanya zimeoza. Neno "muda" lina saa mbili tofauti, na ile ya kwetu hawajawahi kuitazama.

Msije mkasema huyu kijana anapinga umeme. Sipingi hata kidogo. Hapa kuna mafundi wa kuchomelea, na mnajua mgawo wa mwaka 2022 na 2023 uliwafanya nini. Mlikaa mnatazamana na mashine kama watu waliofiwa. Leo bwawa la Julius Nyerere lipo pale Rufiji, mitambo tisa, kila mmoja megawati 235, jumla megawati 2,115. Ni kitu kikubwa. Lakini umeme hauji mjini kwa upepo. Lazima uletwe kwa minara ya chuma na nyaya, na minara hiyo huletwa kwa malori, na malori hupita barabara ile ile unayopita wewe na mimi.

LORI NA LAMI

Sasa tufanye mahesabu ya kijiweni. Kutoka bwawani hadi Chalinze njia ya umeme ya kilovolti 400 ina urefu wa kilomita kama 160. Minara ya msongo huo kwa kawaida huachana mita mia tatu na kitu hadi mia nne na kitu. Chukua mia nne. Unapata minara 400. Kila mnara una miguu minne, na kila mguu unakaa kwenye zege. Sema, kwa mfano wangu mimi, siyo kwa ripoti ya mtu, kwamba mnara mmoja unakula zege meta za ujazo 60, na lori la zege linabeba sita. Hiyo ni mizigo kumi. Kwenda na kurudi, lori linapita mara ishirini. Zidisha kwa minara 400. Mara 8,000! Na hapo ni zege tu. Hatujaweka nondo, vyuma vya mnara, mapipa makubwa ya waya, katapila, mafuta, wala basi la vibarua.

Na Chalinze mnaijua ni mahali gani. Pale ndipo njia zinapoachana, huyu anakwenda Morogoro na Dodoma, Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi, yule anakata kulia kwenda Tanga, Moshi na Arusha. Ni koo la nchi. Na hapo hapo ndipo kituo kikubwa cha umeme kilipowekwa, na kutoka hapo njia nyingine ya kilovolti 400 imepangwa kwenda Dodoma, kilomita takribani 345. Ukipiga kwa kipimo kile kile, minara kama 860. Kwa hiyo kazi za aina hii hazijaisha, ndugu zangu. Na nyingine imekwenda Singida, Arusha na Namanga kuungana na Kenya hadi Isinya.

Hebu tuzungumze juu ya uzito. Watu wengi wanadhani lori lenye uzito mara mbili linaharibu barabara mara mbili. Uongo mtupu. Mwaka 1958 hadi 1960, kule Ottawa, jimbo la Illinois, Marekani, walijenga barabara za duara za majaribio, wakawaweka askari waendeshe malori usiku na mchana wakizunguka tu, huku mainjinia wanapima lami inavyokufa. Walichokipata ndicho kinachotumika hadi leo kama makadirio. Uzito wa ekseli ukiongezeka mara mbili, uharibifu unaongezeka kama mara kumi na sita. Mbili mara mbili mara mbili mara mbili. Ekseli moja ya tani 10 inaila lami sawa na ekseli kama 10,000 za tani moja. Kwa hiyo mwenye kigari chake kidogo akiambiwa naye anaharibu barabara, acheke. Na mwenye bodaboda acheke zaidi. (Makofi)

Ndiyo maana kuna mizani kama ile ya Vigwaza. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari ya mwaka 2016, ambayo kwetu ilianza kutumika Machi 1, 2019, inasema gari lisizidi tani 56 kwa jumla, na ekseli ya matairi manne isizidi tani 10. Mzigo usiogawanyika, ambao hauwezi kuingia humo, unatakiwa kibali maalumu na kusindikizwa. Transfoma kubwa ya kituo cha kilovolti 400 ni mzigo wa namna hiyo, inaweza kuzidi tani mia moja peke yake. Huwezi kuipasua ukaibeba nusu nusu kama mkungu wa ndizi. Inawekwa kwenye trela lenye matairi mengi ili uzito usambae, linatembea mwendo wa konokono, barabara inafungwa mbele na nyuma.

Hilo la transfoma, kusema kweli, mara nyingi hufanywa vizuri. Linaonekana, lina polisi, lina ving'ora, hata televisheni huwa inakuja. Tatizo langu ni malori madogo madogo ya kila siku ambayo hayana ving'ora. Lori la kokoto lililojazwa kupita kiasi na kuingia barabara ya kata iliyojengwa kwa changarawe nyembamba, katikati ya masika, halipimwi na mtu yeyote. Mizani ipo barabara kuu. Barabara za mitaa na vijijini ziko chini ya TARURA, iliyoundwa mwaka 2017. Lori likitoka kwenye lami tu, limetoka machoni mwa mizani. Kalvati linapasuka, mvua inaingia, na ifikapo Juni pale pamekuwa bwawa la bata. Mkandarasi huyo ameshahamia mnara wa mbele. Unamwuliza mwenyekiti wa mtaa nani aliyeharibu, anasema mvua. Mvua haina wakili!

Dawa yake siyo ngumu. Piga picha barabara yote kabla kazi haijaanza, pima, andikeni mtie sahihi, mkandarasi, mwenye barabara na serikali ya mtaa. Kazi ikiisha mnapita tena na picha zile zile. Palipoharibika, fedha zikatwe kabla mkandarasi hajamaliziwa malipo yake. Bila picha za mwanzo hakuna kesi.

TURKANA

Nitoke nje kidogo, niende kwa jirani zetu Kenya, maana pale kuna kisa chenye funzo la pande mbili. Kule kaskazini, karibu na Ziwa Turkana, walijenga mitambo ya upepo 365, jumla megawati 310. Vyombo vyote vililetwa kupitia Mombasa, zaidi ya kilomita 1,200, na mapanga yake ni marefu, hayapiti kwenye kona ya kawaida. Wenye mradi waliliona hilo mapema. Kwa hiyo barabara ya kutoka Laisamis hadi Sarima, kilomita 208, ilitengenezwa kama sehemu ya mradi wenyewe. Hawakusema athari ni ndogo na za muda. Walisema barabara hii haitabeba, tuijenge kwanza.

Huo ni upande wa kwanza. Upande wa pili ni njia ya umeme yenyewe, kilomita 428 kutoka Loiyangalani hadi Suswa. Hiyo ilikuwa mikononi mwa serikali, na kampuni ya Hispania iliyopewa kazi, Isolux Corsán, ikafilisika mwaka 2017. Kulikuwa pia na mvutano wa fidia za ardhi. Mapanga yakasimama tayari, upepo unavuma, umeme hauna pa kupita. Njia hiyo iliunganishwa Septemba 2018 tu, na mwananchi wa Kenya akabebeshwa gharama ya umeme ambao hakuutumia. Kwa hiyo nawaambia, siyo kwamba wenzetu ni malaika. Nasema barabara waliihesabu kwa sababu aliyeipanga ndiye ambaye angepata hasara panga likikwama njiani. Hapa kwetu anayekwama njiani ni wewe, na wewe hukuwepo mezani.

ASILIMIA ZINAZODANGANYA

Sasa nataka mnisikilize vizuri maana hapa ndipo changa la macho linapopigwa, na linapigwa kwa hesabu safi kabisa.

Mwaka 1993 kule Uingereza ulitoka mwongozo wa kupima athari za magari ya mradi, ukaigwa na wataalamu wa nchi nyingi. Unasema hivi kwa ufupi: kama mradi utaongeza magari au malori kwa zaidi ya asilimia 30, chunguza kwa kina. Na mahali penye watu wanaodhurika kwa urahisi, kama shuleni au hospitali, chunguza ikizidi asilimia 10. Chini ya hapo, pita. Ni kipimo cha busara, siyo kibaya. Lakini kipeleke barabara ya Morogoro uone. Barabara inapitisha maelfu kwa maelfu ya magari kwa siku. Ongeza malori mia moja ya mradi. Asilimia ngapi? Haifiki hata moja! Mtaalamu anaandika "ndogo", anafunga daftari. Lakini barabara yenyewe imeshajaa saa kumi na mbili asubuhi. Lori la mia na moja halihitaji kuwa asilimia 30. Linahitaji kuharibika mara moja tu pale Kimara, na mji mzima unalala njiani.

Halafu kifungo cha barabara hakimo kabisa kwenye asilimia hizo. Winchi iliyonifukuzisha kazi haikuongeza gari hata moja barabarani. Ilikuwa gari moja, limesimama. Kwa kipimo cha kuhesabu nyongeza ya magari, athari yake ni sifuri.

(Sauti: Na sisi bodaboda je?)

Nakuja kwako, kaka, wala sijakusahau. Kwenye majedwali ya mainjinia magari yote hugeuzwa kuwa kipimo cha gari dogo. Basi linakuwa mawili au zaidi, lori vivyo hivyo, na pikipiki inakuwa sehemu ya gari, kipande. Kwa kupima nafasi ya barabara ni sawa, kwa sababu kweli pikipiki inachukua nafasi ndogo. Lakini ukipima hatari, wewe siyo kipande. Waya wa kuvutia unaponing'inia usiku bila taa, gari dogo lina kioo. Wewe una shingo. Shimo la nguzo lililoachwa wazi, limezungushiwa utepe uliokwisha katika kwa upepo, daladala inalipita. Wewe unaingia na abiria wako. Na mtembea kwa miguu, mkokoteni, guta, mtoto wa shule, hao mara nyingi hawamo hata kwenye jedwali.

Kuvuta waya juu ya barabara kuna ustaarabu wake. Kila upande wa barabara unasimamishwa mlango wa nguzo au wa mabomba, imara, juu yake wakati mwingine na wavu, ili waya ukilegea uangukie pale, usiangukie watu. Magari yanaendelea kupita chini. Ikibidi kusimamisha, unachagua Jumapili alfajiri, unasimamisha dakika chache, unafungua. Unatangaza siku kadhaa kabla. Mtu wa bendera huku, mtu wa bendera kule, na redio za mkononi. Siyo teknolojia ya mwezini hiyo. Ni mabomba na adabu.

HIFADHI YA BARABARA

Nigusie moja ambalo linaniuma kama mlipa kodi, ingawa kodi yangu ni ya vocha na soda. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inasema huwezi kuweka kitu ndani ya hifadhi ya barabara bila ridhaa ya mwenye barabara. Hata hivyo nguzo nyingi zipo humo, kwa sababu ni rahisi kufika, huna haja ya kumlipa mtu fidia. Barabara ikipanuliwa, nguzo zinang'olewa, zinasimikwa upya, na sisi tunakaa foleni mara mbili, moja ya kuweka na moja ya kutoa. Upanuzi wa Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, tuliuona wote. Watu walibomolewa nyumba zao kwa kipimo cha mita 121.5 kila upande. Na msisahau Novemba 2017, Rais Magufuli aliagiza hata sehemu ya jengo la makao makuu ya shirika la umeme pale Ubungo ibomolewe, kwa kuwa iliingia kwenye hifadhi ya barabara. Wakubwa wa barabara na wakubwa wa umeme wangekaa meza moja na ramani moja, wakaulizana tu, "Mwenzangu, wewe miaka ishirini ijayo unapanua wapi?" Kikao cha asubuhi moja. Chai ingetosha. (Kicheko)

DAFTARI

Mtasema sawa, umelalamika, sasa tufanyeje? Tuandamane? Hapana. Leo nimekuja na daftari.

Nipeni dakika tano. Chukulia njia yenu hii ina daladala 50. Kila moja inapoteza tripu mbili kwa siku kwa sababu ya kufungwa barabara. Tripu ina abiria 30, nauli shilingi 600. Hiyo ni shilingi 36,000 kwa gari moja kwa siku. Kwa magari 50 ni 1,800,000. Kwa siku kumi ni milioni kumi na nane. Hizo ni namba zangu za mfano, na nyinyi mnajua za kweli kuliko mimi. Lakini mtu akienda kwenye kikao cha maoni akasema "tunaumia sana", anaandikwa "wananchi walieleza wasiwasi". Akienda na milioni kumi na nane zilizopigiwa hesabu siku kwa siku, hapo lazima mtu avue miwani. Kwa milioni kumi na nane unaajiri watu wangapi wa bendera? Unaweka vibao vingapi? Unaweza hata kuwalipa vibarua wafanye kazi usiku.

Kwa hiyo tuhesabu. Nasikia hapa mbele kuna njia mpya inakuja, wapimaji wamepita na vigingi vimepigwa rangi. Kabla haijaanza, tujue barabara yetu ikoje ikiwa na afya. Watu wawili wanakaa njia panda, mmoja anatazama wanaoingia mjini, mmoja wanaotoka. Unagawa ukurasa: daladala, gari dogo, lori, bajaji, pikipiki, guta, watembea kwa miguu. Kila kinachopita unapiga kijiti, vijiti vinne na cha tano unakata, kama tulivyokuwa tunahesabu mabao darasani. Kila robo saa unapiga mstari na kuandika saa. Kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, kwa zamu. Siyo siku moja, maana Jumatatu siyo Jumamosi. Wiki nzima ikiwezekana. Na mtu mmoja ajitolee kupanda daladala kutoka mwanzo hadi mwisho wa njia na saa mkononi, aandike dakika. Hizo dakika ndizo zitakazosema tofauti winchi ikija.

Halafu nakala moja kwa mtendaji wa mtaa, agonge muhuri kwamba amepokea. Nyingine tunapeleka NEMC. Nyingine nabaki nayo mimi, na hiyo itatoka kwenye gazeti hili hata kama mtendaji amepoteza yake. Naona wanapotezaga sana. (Kicheko, makofi)

Najua mtu atasema kuhesabu magari siyo kazi ya mwanaume mzima. Mimi niliyefukuzwa kwenye gari kwa sababu ya nguzo nawaambia, ningekuwa na daftari lile siku ile, ningempa tajiri asome. Huenda asingenirudishia mlango. Lakini angejua wa kwenda kumdai.

(Sauti: Na mkandarasi akitufukuza pale njia panda?)

Barabara ni ya umma, anko. Kukaa kwenye benchi lako mwenyewe ukiandika vijiti siyo kosa. Usiingie kwenye eneo lake la kazi, usiguse chombo chake, usibishane na vibarua wake, hao ni walalahoi kama sisi. Akikuuliza unaandika nini, mwambie unahesabu magari. Akitaka, akae naye ahesabu.

Nimeleta madaftari sita na kalamu kumi na mbili. Tunaanza Jumatatu saa kumi na mbili kamili, zamu ya kwanza mimi na huyu kaka wa bodaboda aliyeuliza.

(Sauti: Na pikipiki tunaandika kipande?)

Nzima. Andika nzima.